Mhariri, 'humble' siyo mtu asiyedai mshahara wake

Ndugu mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nimekuwa bwana shamba huku Mbinga mpaka nikastaafu, na kwakweli sio mtu wa kuandika gazetini, huwa nasoma, nikimaliza wajukuu wanachukua wanafungia madaftari. Ila kuna kitu kwenye kurasa zenu za matangazo kimenikaa rohoni muda mrefu na juzi kimefika mahali nikasema hapana, hili ngoja niliandike. Ni hili neno humble, la Kiingereza, yaani mnyenyekevu. Karibu kila wiki naliona. Anatafutwa dada wa kazi, awe mchapakazi na awe humble. Anatafutwa kijana wa kuuza duka la vifaa, awe mwaminifu, humble, asiwe na maneno mengi. Dereva wa bodaboda ya mkataba, awe humble. Tangazo zima la Kiswahili alafu hilo moja limekaa la Kizungu katikati, na ukisoma unaelewa kabisa mwenye tangazo anataka nini, anataka mtu ambaye akicheleweshewa mshahara atakaa kimya.

Mnisamehe kama nimewahukumu vibaya baadhi yao, najua wapo wanaomaanisha tu mtu mwenye adabu zake. Ila ngoja niwaambie kilichonifanya nishike simu niandike.

Mdogo wangu ana binti yuko Dar anafanya kazi ofisini, ofisi siitaji. Alikuwa anabakishwa mpaka usiku miezi mitatu mfululizo kwa ahadi kwamba masaa ya ziada yatalipwa, miezi ikaisha, hela haikuja, akauliza. Na aliuliza vizuri, meseji aliyoandika alinitumia nimeisoma mwenyewe, imeanza na shikamoo imeisha na samahani kwa usumbufu. Jibu alilopata ni maneno mawili ya Kiingereza, "be humble", basi, hakuna hela hakuna maelezo. Akanipigia usiku analia, akaniuliza bamkubwa we si umesoma, hivi humble maana yake hasa ni nini, mbona mi najiona nina adabu? Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nikamwambia lala mwanangu, nitakutafutia.

Nimetafuta, na nikaona bora jibu lisomwe na wengi maana najua hayuko peke yake.

Kumbe mzizi wa hilo neno nilikuwa naushika kwa mikono yangu kila siku. Sisi watu wa kilimo tukiwa chuoni tulifundishwa humus, kwa Kiswahili mboji, ule udongo mweusi wa juu unaotokana na majani, mizizi na wadudu waliokufa wakaoza wakaliwa tena na minyoo na vijidudu mpaka huwezi kujua hili lilikuwa jani au lilikuwa tawi. Mboji ndo inashika maji, ndo inazuia chakula cha mmea kisichukuliwe na mvua, ndo inafanya udongo uwe kama mkate ulioumuka badala ya kuwa vumbi kiangazi na tope masika. Ukikuta shamba limeishiwa mboji hata umwage mbolea ya dukani mifuko kwa mifuko inapita tu. Humus ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, maana yake ardhi, udongo, hapa chini tunapokanyaga. Miaka yote nimelitumia kwenye ripoti na kwenye mafunzo ya wakulima, ila kwamba humble na humility zimetoka humohumo nilikuja kuambiwa na mtawa mmoja wa Peramiho. Nilikuwa nimempeleka mgonjwa pale hospitali, nikatoka kupunga upepo, nikamkuta mzee wa watu kwenye bustani anageuza lundo la mboji, joho amelikunja kalifunga kiunoni. Tukaanza kuongea mambo ya samadi na majani makavu kama watu wa kazi moja, alafu akachota kidogo kwa kiganja akaninyooshea, akasema hii ndo asili ya neno unyenyekevu kwa Kilatini. Humus, humilis, humilitas. Humilis ni kitu kilicho karibu na ardhi, kilicho chini, na humilitas ni hali ya kuwa hapo chini. Wafaransa wakaifanya humilité na Waingereza wakaichukua kwa Wafaransa.

Hiyo kuchukua yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1066 jeshi kutoka Normandy huko Ufaransa lilivuka bahari likaipiga Uingereza, watawala wapya wakawa wanaongea Kifaransa, kwahiyo kwa miaka mingi sana mahakamani ni Kifaransa, kwa mfalme ni Kifaransa, Kiingereza kikabaki cha wakulima na watwana. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno lao wenyewe, eadmod, yaani mtu mwenye moyo mwepesi, asiyekaza roho. Neno zuri tu, likafa. Walikuwa pia na meek, yaani mpole, waliloletewa na watu wa Skandinavia, ambalo mwanzoni lilikuwa linamaanisha kitu laini, hilo limebaki. Humble na humility zikaingia kama miaka ya 1200 na 1300 hivi. Nilipofika hapo nilisimama nikafikiria, kwamba neno la kuwa chini lililetwa na waliokuwa juu.

Na ukoo wa neno hili ni mkubwa kuliko nilivyotegemea. Wataalamu wa lugha wanasema homo, yaani mtu kwa Kilatini, ambalo ndo limezaa human ya Kiingereza, ni ndugu wa humus, mtu ni yule wa udongoni. Hata kinyonga yumo, Kiingereza chake chameleon kimetoka kwa Wagiriki, sehemu ya kwanza ya neno maana yake chini kwenye ardhi na ya pili simba, simba wa chini, na hilo chini la Kigiriki ni shina moja na humus. Wayahudi nao kwenye Kiebrania chao wana adamah ambayo ni udongo na adam ambaye ni mtu, na kitabu cha Mwanzo sura ya 2 kinayachezea maneno hayo mawili makusudi pale Mungu anapomfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi. Sasa sisi tunasemaje? Tunasema binadamu. Bin Adamu. Yaani kila siku tunajitaja kuwa wana wa udongo, bosi binadamu, dada wa kazi binadamu, mi naona hapo peke yake pangetosha kabisa mtu asimwambie mwenzie kwamba wewe ndo wa chini.

Lakini turudi kwa Warumi maana hapo ndo pana jambo. Kwao humilis haikuwa sifa hata kidogo. Mti mfupi ni humilis, bonde ni humilis, na mtu wa ukoo usio na jina ni humilis, ungemwambia mkubwa wa Kirumi hivo ungekuwa umemtukana. Wagiriki vilevile, neno lao tapeinos lilikuwa la mtu duni, mtu wa kudharauliwa. Waliokuja kuligeuza ni Wakristo wa mwanzo, na wengi wao walikuwa kweli watu wa chini, watumwa walikuwemo, wajane, mafundi wa mikono. Waliligeuza kwa sababu ya habari ya mtu aliyekuwa juu kabisa akashuka mwenyewe. Ndo ile Wafilipi 2, kwenye Biblia yetu ya Union ya 1952 imeandikwa "alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti".

Naomba hapo tukae kidogo, hasa hiyo ji-.

Kiingereza kina tatizo ambalo sisi hatuna. Kutoka kwenye humilis ile ile kimezaa humility, ambayo wanaisifia, na humiliation, ambayo ni kuvuliwa utu mbele za watu. Watoto wa tumbo moja wanafanana sura, ni rahisi mtu mwenye nia mbaya kukupa mmoja akasema amekupa mwingine. Kiswahili kimewaweka nyumba tofauti. Unyenyekevu ni wa kwetu, na kudhalilisha tumeipata kwa Waarabu, kwenye dhili, ambayo ni unyonge wa kushushwa hadhi. Alafu angalia vitenzi vyenyewe. Nyenyekea, unafanya wewe. Dhalilisha, hiyo -ish- ya mwisho inakwambia kuna mtu anamfanyia mwenzie. Na wale waliotafsiri Biblia hawakuwa watu wa mchezo, hata walipotumia hilo neno zito la dhili walijua pa kuweka mpaka. Mathayo 23:12, "Na ye yote atakayejikweza, atadhiliwa; na ye yote atakayejidhili, atakwezwa." Wa kwanza anadhiliwa, anafanyiwa. Wa pili anajidhili, anafanya mwenyewe kwa hiari yake. Kwa Kilatini sehemu zote mbili ni kitenzi kile kile cha humilis, cha Kiswahili pia ni kimoja, tofauti imebebwa na -wa ya kufanyiwa na kasilabi ka ji. Na mtu hawezi kukuwekea ji- wewe. Bosi anaweza kukukata hela, anaweza kukuhamisha meza, anaweza kukufukuza, ila hana uwezo wa kukunyenyekeza, akijaribu atakuwa anakudhalilisha tu, lugha yenyewe inamkatalia.

Tena kuna sehemu nyingine hawakuandika unyenyekevu kabisa japo Kilatini kina humilitas. Wimbo wa Mariamu, Luka 1:48, "ameutazama unyonge wa mjakazi wake". Unyonge. Na mstari wa 52 wakaandika wakuu wameangushwa kwenye viti vyao vya enzi na wanyonge wamekwezwa. Waliona hapa binti wa watu hasifiwi tabia, hapa inatajwa hali yake, kwamba ni mtu asiye na cheo wala mtetezi. Unyonge ni hali, sio tabia njema, hali mbaya inatakiwa iondolewe, na kwenye wimbo huo ndo inaondolewa. Mi naamini nusu ya shida yetu ya leo ni kwamba watu wanatangaza wanatafuta mnyenyekevu wakati wanatafuta mnyonge.

Na kwa akina baba wenzangu ambao neno hili mnalitumia nyumbani, maana nalo nimelisikia sana kwenye usuluhishi wa ndoa, mke hana unyenyekevu, mke hana unyenyekevu, someni Waefeso 5 kuanzia mstari wa 21 msianzie wa 22. Wa 22 ndo ule wa wake watiini waume zenu, huo kila mtu anaujua kwa kichwa. Wa 21 unasema watu wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Kunyenyekeana, na hiyo -ana ni kama kwenye kupendana na kusalimiana, haifanywi na mtu mmoja. Nimekaa kwenye vikao vingi vya ndoa sijawahi kusikia mzee hata mmoja akiisoma.

Kitu kingine ambacho kilinifurahisha sana, sijui kama wasomaji wote wanakijua. Sisi tunasema chini bila kujiuliza, ila waliochunguza lugha zetu za Kibantu wanaeleza kwamba chini ni nchi yenyewe imewekewa -ni ya mahali, kama shamba na shambani, nyumba na nyumbani, nchi na chini, ile n ya mbele ikadondoka. Nchi kwa maana yake ya zamani ni ardhi, ndo maana bado tunasema nchi kavu. Ukivuka ziwa hapo kwa ndugu zetu wa Malawi wanasema pansi, ni shina hilohilo. Kwahiyo Mrumi alipotoa humilis kwenye humus alifanya kitu ambacho babu zetu nao walifanya bila kukutana naye, sisi tumetoa "wa chini" kwenye nchi. Sasa chukua ile heri ya mlimani, "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi". Nilikuwa naisoma toka mtoto nikidhani nchi hapo ni kama Tanzania au Kenya, kumbe ni ardhi, ni udongo, ni hapo chini walipo. Nilivyoigundua nilikaa barazani nikaisoma kwa sauti mara kadhaa mpaka mke wangu akatoka kuuliza kuna nini.

Yule mtawa alinipa na habari ya ngazi. Watawa wa Peramiho na wale wa Ndanda ni Wabenediktini, wako huku kusini toka mwisho wa miaka ya 1800, Peramiho ilianza 1898, na wanaishi kwa kanuni aliyoandika Benedikto kule Italia miaka ya 500. Sura ya 7 ya kanuni hiyo yote ni ya unyenyekevu, ina hatua 12, na ameichora kama ile ngazi aliyoota Yakobo, ila maajabu yake ni kwamba ukijikweza ndo unashuka na ukijishusha ndo unapanda. Sisi tunao usemi wetu mpanda ngazi hushuka, tunautumia kumtisha mwenye majivuno, huyu mwenzetu ameigeuza ngazi yote. Mi nilimuuliza swali la moja kwa moja, nikamwambia bruda, hizo hatua 12 si ndo za kumfanya mdogo asiseme kitu mbele ya mkubwa? Akakubali kwamba ndani yake kuna kunyamaza na kuna kutii, hakunificha. Alafu akaniambia katika kanuni hiyohiyo kuna sura ya 3, ambayo inamwagiza mkuu wa monasteri kila likiwepo jambo kubwa awaite watawa wote watoe maoni, wote kabisa, na sababu imeandikwa, kwamba mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo kile kilicho bora. Na sura ya 64 inamwambia mkuu afikirie kuwafaa watu kuliko kuwatawala. Kwahiyo mzigo wa kwanza wa hilo neno uko kwa mwenye funguo. Hiyo sijaiona kwenye tangazo la kazi hata moja, anatafutwa meneja, awe humble. Bado naisubiri.

Niongee na la kwangu maana hili nalijua kwa miguu. Nilipokuja Mbinga nilikuwa kijana nimetoka chuo na makaratasi yangu ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, matuta ya kukinga maji, vipimo, kamba, vyote. Milima ya huku ni mikali kwelikweli. Nikakuta Wamatengo wana ngoro zao, yale mashimo ambayo ukiangalia mlima kwa mbali unaona kama sega la nyuki. Wanafyeka majani mwisho wa mvua, wanayalaza kwa mistari inayokatana mpaka yanatengeneza vyumba, kila chumba kama mita moja na nusu hivi, alafu wanachimba katikati na ule udongo wanafunika yale majani, kinabaki kishimo na kingo zake. Juu ya kingo wanapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua yanaingia kwenye vishimo yanatulia, hayakimbii na udongo, na yale majani yanaozea ndani ya kingo, yanakuwa mboji. Zaidi ya miaka 100 wanafanya hivo kwenye mteremko ambao mahali pengine ungekuwa umebaki mawe. Mi nikamwambia bibi mmoja asimamishe ngoro zake achimbe matuta ya kitaalamu. Hakubisha. Akanipa jembe akasema baba, njoo nikuoneshe kwanza, alafu na wewe utanionesha. Nikachimba naye asubuhi nzima. Ilipofika mchana nilikuwa nimeelewa kwamba hapa mwalimu sio mimi, na nikaandika hivo kwenye ripoti yangu, ngoro ziachwe. Yule bibi alikuwa mnyenyekevu kupita watu wengi niliowahi kukutana nao, na ngoro zake hakuziacha. Yote mawili, kwa mtu mmoja, asubuhi moja.

Ndo maana nakasirika neno hili likitumika kumaanisha mtu asiyekuwa na msimamo. Mboji iko chini ya kila kitu, ila bila mboji hakuna shamba, na ukiikanyaga ikashindiliwa hewa inatoka maji hayaingii hakuna kitakachoota. Mwenye shamba anayejua kazi hapiti hovyo juu ya matuta.

Jirani yangu ni shehe, tunasalimiana kila alfajiri yeye akitoka msikitini mi nikienda kwenye migomba, nikamweleza haya naye akaniletea ya kwake. Kwa Kiarabu unyenyekevu ni tawadhui, na shina lake ni kitenzi cha kuweka kitu chini. Chini tena! Akanionya nisichanganye na kutawadha kwa ajili ya swala, kwamba kwa masikio yetu ya Kiswahili yanafanana ila kule kwa Kiarabu shina moja linaishia na herufi ain, jingine na herufi hamza, ni vitu viwili tofauti. Akanisomea sura ya 17 aya ya 37 inayomkataza mtu kutembea juu ya ardhi kwa majivuno kwa sababu hawezi kuipasua ardhi wala kuifikia milima kwa urefu. Na sura ya 25 aya ya 63, kwamba waja wa Mungu ni wale wanaotembea juu ya ardhi kwa upole, na wajinga wakiwasemesha wanajibu salama. Kwenye aya zote mbili anasemeshwa mtu anayetembea, mtu mwenye miguu yake, hakuna aliyelazwa chini akakanyagwa. Shehe huyu mwaka juzi alienda mpaka wilayani kudai kiwanja cha msikiti kilichokuwa kinamegwa na akarudi nacho, na sijasikia mtu akisema hana tawadhui.

Sisi wa Tanzania ndo tusingepaswa kabisa kukosea hapa. Azimio la Arusha, 1967, lilitamka wazi kwamba unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa, na likatangaza mapinduzi ya kukomesha unyonge. Tulikuwa tunalikariri shuleni. Na aliyekuwa mbele kutuambia hivo, Mwalimu Nyerere, ni mtu ambaye Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu mwenyewe akaenda kujenga chama, na mwaka 1985 akaacha urais akarudi Butiama kulima. Hakusukumwa. Mtu huyohuyo mmoja aliukataa unyonge na akashuka mwenyewe, na kwa watu wa umri wangu hatukuona kama kuna ugomvi kati ya hayo mawili.

Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na desturi ya kumaliza barua za serikali kwa kujiita mtumishi wako mtiifu, hata anayeandikiwa akiwa ni mtu ambaye mwandishi anaweza kumweka ndani kesho yake asubuhi. Ndo tukarithi ile "wako mtiifu" ya kwenye barua za kuomba kazi. Sisemi iondolewe leo, wazee tumeizoea, ila inaonesha maneno ya kujishusha yanavyoweza kubaki yamekaa kwenye karatasi wakati mamlaka yako palepale yalipokuwa.

Ombi langu kwako ndugu mhariri ni dogo. Kijana wenu anayepokea matangazo, mtu akimletea "awe humble", amuulize tu kwa upole, mzee unamaanisha nini hapa? Kama anamaanisha adabu aandike mwenye adabu, kama anamaanisha mtulivu aandike mtulivu, kama anataka asiyelewa kazini aandike hivo, Kiswahili kina maneno ya kutosha. Na kama anamaanisha mtu asiyeuliza mshahara basi aandike hivohivo, "awe asiyeuliza mshahara", tuone kama atathubutu kulipia hilo tangazo. Na mkiweza, karibu na tangazo muweke mshahara ni shilingi ngapi, hiyo nayo ingesaidia dada zetu wanaopandishwa basi kutoka huku kwetu na Iringa na Singida bila kujua wanaenda kulipwa nini.

Yule binti nilimtumia haya yote kwa sauti, voisi noti kama saba, aliyasikiliza kwenye daladala akirudi nyumbani. Swali lake la kwanza lilikuwa, bamkubwa kumbe naweza kuandika tena bila kukosa adabu? Nikamwambia andika. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, tarehe zote za usiku aliobakishwa zipo na masaa yake, hakuna tusi, hakuna kulialia, ameanza na salamu. Mwisho nilimuona ameweka jina lake, cheo chake na namba ya simu, ile wako mtiifu hakuiweka, na sikumwambia airudishe. Ameipeleka Jumatatu iliyopita, nakala wakamgongea muhuri wa kupokea. Mpaka leo naandika hii barua hawajamjibu.

Bwana shamba mstaafu,
Mbinga, Ruvuma